Mpiga mishale asiyekosa: uchambuzi wa kisa cha udanganyifu mezani

Mezani wako watu watano. Mmoja ni mchezeshaji: ndiye anayesimulia dunia ya hadithi, anayesema kwa kinywa cha kila adui na kila mlinzi wa lango, na anayetoa uamuzi kanuni zikigongana. Wanne ni wachezaji, kila mmoja na mhusika wake: mpiga panga, mganga, mchawi na mpiga mishale. Wanacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano kwa kanuni za mwaka 2014, na wahusika wao wamefika levo ya 5. Kisa chenyewe nimekitunga kwa ajili ya uchambuzi, ila sidhani kina kipande ambacho mtu aliyezoea meza za namna hii hajakutana nacho. Wachezaji nitawaita kwa kazi za wahusika wao.

Tatizo lao linasemeka kwa maneno machache: mpiga mishale hakosi. Au tuseme, akikosa, anakosa pale ambapo kukosa hakumgharimu kitu. Mshale wa kukata kamba ya bendera utapita pembeni, lakini ule wa jicho la joka utafika.

Kwa asiyeujua mchezo, utaratibu ni huu. Mhusika akitaka kufanya jambo lenye mashaka, mchezaji wake anarusha dadu ya pande 20, anaongeza nyongeza iliyoandikwa kwenye karatasi ya mhusika, kisha jumla inalinganishwa na namba ya kufikia. Katika shambulio, namba hiyo ni ulinzi wa adui. Dadu ikionyesha 20 yenyewe, hilo ni pigo kali, na dadu za madhara, zinazoonyesha adui ameumia kiasi gani, zinarushwa maradufu. Uso mmoja kati ya 20 ni asilimia 5. Hayo yote yanafanyika kwa kuaminiana, maana mchezeshaji ana mambo mengi ya kushika kichwani na hawezi kukagua karatasi nne kila zamu. Mchezaji akisema "kumi na tisa", basi ni kumi na tisa.

Dalili zilikuwepo tangu mapema, na hazikuwa za kificho sana. Dadu ya mpiga mishale haikuviringika katikati ya meza kama za wenzake. Ilidondoka karibu na kifua, nyuma ya kitabu kilichosimamishwa, na mkono ukaifuata kabla haijatulia vizuri. Ikiegemea ukingo wa kitabu na namba ikawa ndogo, "imeegemea, narudia". Ikiegemea na namba ikawa kubwa, ilikuwa imekaa sawasawa. Kisha kulikuwa na ile ya kurusha kabla hajaulizwa: 18 ikitokea, anatangaza kwamba anataka kupanda ukuta, 4 ikitokea, alikuwa anachezea dadu tu.

Mganga ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kampeni, yaani hadithi yao ndefu inayoendelea kikao kwa kikao, na siku moja akaanza kuandika pia mishale. Katika mishale 40, dadu ilionyesha 20 mara saba. Kwa kawaida mtu angetarajia mara mbili. Ukipiga hesabu, uwezekano wa kupata saba au zaidi katika mirusho 40 ya haki ni kama mara moja katika 300. Mganga alimpelekea mchezeshaji daftari lake akiamini kesi imekwisha.

Haikwisha, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mara moja katika 300 ni jambo la nadra kwa mtu mmoja, safari moja, uliyoamua kuihesabu kabla haijaanza. Lakini meza ina wachezaji wanne, na kampeni ina mirusho mamia kwa mamia. Bahati ya namna hiyo lazima imwangukie mtu fulani siku fulani. Isitoshe, mganga alianza kuhesabu kwa sababu tayari alikuwa na shaka, yaani alifungua daftari katikati ya kipindi kilekile kilichomshtua. Hesabu ya namna hiyo inaweza kukupa sababu ya kutazama vizuri zaidi. Kumhukumu mtu kwayo ni jambo jingine.

Upo pia uwezekano wa dadu mbovu. Dadu nyingi za plastiki husuguliwa kwa pamoja ndani ya pipa linalozunguka ili ziwe laini, na si zote zinatoka zikiwa na umbo sawa. Wapo wanaozielesha kwenye maji yenye chumvi nyingi kuona kama kuna upande unaorudi juu kila mara. Kwenye meza hii jibu lilipatikana kwa njia rahisi zaidi: mchawi alisahau dadu zake, akaazima ile ile ya mpiga mishale jioni nzima, nayo ikamtendea kama dadu zinavyowatendea wachawi siku zote.

Lakini wakati wote wameikodolea macho dadu, hasara kubwa ilikuwa inatoka kwenye karatasi. Hili naliona ndilo fundisho lenye nyama zaidi katika kisa chote, kwa hiyo nitalipigia hesabu kikamilifu.

Mpiga mishale wa levo ya 5 mwenye wepesi wa 18 anapata nyongeza ya 4 kwa wepesi, 3 kwa ustadi na 2 kwa mtindo wake wa upigaji mishale. Jumla ni 9. Kwenye karatasi ya huyu ilikuwa 11, kwa sababu ile 2 ya mtindo ilijumlishwa mara mbili. Zaidi ya hapo alikuwa na kipaji cha mdunguaji, ambacho kinamruhusu kujipunguzia 5 kwenye shabaha ili aongeze 10 kwenye madhara. Ile 10 aliikumbuka kila mshale. Ile 5 hakuitaja hata mara moja.

Chukua adui mwenye ulinzi wa 16. Upinde mrefu hutoa dadu ya pande 8 na nyongeza ya 4, wastani wa pointi 8.5 kwa kila mshale unaopata. Bila kipaji, na kwa nyongeza sahihi ya 9, mishale inapata asilimia 70, hivyo kila mshale una thamani ya kama pointi 6. Akitumia kipaji kwa haki, shabaha inashuka hadi asilimia 45 lakini madhara yanapanda hadi 18.5, na thamani inakuwa kama 8.3. Kwa namna alivyocheza yeye, shabaha ilikuwa asilimia 80 na madhara 18.5 pamoja: karibu 14.8 kwa mshale, na ana mishale miwili kila zamu. Hapo sijagusa hata 20 moja ya kubuni. Hata angerusha dadu zake zote hadharani, ikiwa hakuna aliyeitazama karatasi, bado angekuwa na nguvu zinazokaribia kuwa maradufu ya alichostahili.

Na karatasi ina tabia moja nzuri ambayo dadu haina: inaonyesha aina ya kosa. Kujumlisha 2 mara mbili ni kosa la mtu yeyote. Kanuni ni nyingi, na nimeona watu waaminifu kabisa wakiishi nalo miezi kadhaa. Lakini kukumbuka faida ya kipaji kila mara na kusahau gharama yake kila mara si usahaulifu. Anayesahau kweli, siku nyingine husahau na faida.

Mchezo huu hauna mshindi; wachezaji wako upande mmoja dhidi ya hatari zinazosimuliwa. Kwa hiyo wapo wanaouliza, kwa nia njema kabisa, kosa liko wapi mtu akijifanya ana bahati? Jibu liko kwa mpiga panga. Mhusika wake ameundwa asimame mbele, apigwe na apige. Kwenye meza hii adui alikuwa akianguka kabla yeye hajamfikia. Mganga hakuwa na majeraha ya kutibu. Mchawi alihifadhi uchawi wake mkubwa kwa ajili ya saa ya dhiki, na saa ya dhiki haikufika. Kilichoibwa kilikuwa zamu za wenzake, pamoja na ile roho juu ya mtu anapoisubiri dadu isimame. Mpiga panga alianza kushika simu kati ya zamu zake, kisha hata ndani ya zamu zake.

Mchezeshaji alianza na dawa mbaya. Aliongeza ulinzi wa maadui kutoka 16 hadi 19. Angalia kilichotokea. Mpiga panga, mwenye nyongeza halali ya 7, alishuka kutoka asilimia 60 za kupata hadi 45. Mpiga mishale hakushuka popote, kwa sababu anayejitajia namba mwenyewe hutaja inayotosha. Maadui walipoongezewa pointi za uhai, yaani kiasi cha madhara wanachohimili kabla ya kuanguka, mapigano yakarefuka kwa wale watatu waliokuwa wakicheza kwa haki, na mpiga mishale akazidi kuonekana tegemeo la kundi.

Ikafuata dawa mbaya zaidi, ya kumwadhibu mtu kupitia mhusika wake. Upepo ukaanza kuvuma kila penye mapigano. Uzi wa upinde ukakatika. Vibaka wakaiba podo usiku. Nasema ni mbaya zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, mwenye kosa hakuambiwa kosa lake. Aliona tu kwamba dunia ya hadithi imemchukia, akapata sababu mpya ya kujilinda kwa namba za uongo. Pili, wenzake waliona visa hivyo wakaelewa kuwa hata matukio ya hadithi sasa yana mtu yanayemlenga. Hadithi ikishageuzwa fimbo, kila mchezaji anaanza kukaa mbali nayo.

Mpiga panga alikuwa na pendekezo lake: siku moja wamshike mkono kabla hajaokota dadu, waisome namba mbele ya wote. Mchezeshaji alikataa, na naona alikataa kwa haki. Mtu anayefichuliwa mbele ya kundi ana njia mbili tu, kukana au kuondoka, na zote mbili zinafunga mazungumzo ambayo hayajaanza.

Hatua ya kwanza iliyofaa ilihusu utaratibu, na haikutaja jina la mtu. Trei iliwekwa katikati ya meza, na mrusho wowote nje yake haukuhesabiwa. Dadu haiokotwi mpaka jirani ameisoma. Iliyoegemea kitu hurudiwa daima, iwe imeonyesha 2 au 20. Mrusho ambao mchezeshaji hakuuomba haupo. Na kwa kuwa wahusika walikaribia kupanda levo, kila mmoja alibadilishana karatasi na jirani yake wakakaguana. Kwenye ukaguzi huo ile 11 ikawa 9 bila aibu yoyote, kwa sababu karatasi ya mchawi nayo ilikutwa na uchawi mmoja wa ziada ambao mwenyewe hakujua umetoka wapi. Gharama ya kipaji cha mdunguaji ilisomwa kwa sauti kutoka kitabuni. (Wanaocheza kwa mtandao wana nafuu hapa, maana programu kama Roll20 hurusha dadu na kuionyesha kwa wote. Hata hivyo nyongeza bado inaingizwa na mtu, na programu haiulizi kama ni halali.)

Zile 20 nyingi zilitoweka mara moja. Kwa mchezeshaji huo ulikuwa ushahidi bora kuliko daftari lote la mganga: bahati ileile, mchezaji yuleyule, kilichobadilika ni mwanga tu. Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini udanganyifu ulihamia kwenye pointi za uhai, ambazo kila mchezaji hujipunguzia mwenyewe kwa penseli na hakuna trei inayozifikia.

Mazungumzo yakawa hayakwepeki. Mchezeshaji alimwomba mpiga mishale waonane wawili, siku isiyo ya mchezo, na hakumtumia ujumbe wa kurasa tatu. Daftari la mganga alilichukua? Hapana, na hilo nalisifu. Alikwenda na jambo moja, jipya, lisilo na ubishi wa uwezekano.

"Juzi ulianza na pointi 44. Ukapigwa 31. Nilipokuuliza, ulisema umebakiwa na 27."

"Nilikosea kutoa, basi."

"Inawezekana. Ila hesabu zako zikikosea, zinakosea upande mmoja, na hazikuanza juzi. Sikuja kukuita mwongo. Nataka kujua unatafuta nini pale mezani ambacho hukipati bila hizo namba."

Mpiga mishale alikaa kimya kidogo, kisha akarudisha swali ambalo mchezeshaji hakulitegemea.

"Na wewe je? Unafikiri hatujui kwamba unachakachua nyuma ya pazia lako? Lile zimwi lilikuwa limuue mganga. Ulitazama dadu, ukatutazama sisi, ukasema limekosa."

Ilikuwa kweli. Wachezeshaji wengi huweka pazia la kadibodi mbele yao kuficha ramani na madokezo, na dadu zao huangukia nyuma yake. Desturi ya mwamuzi kuwa juu ya dadu ni kongwe kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipata mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, wenye dadu, majedwali na mwamuzi. Kufikia 1876 Verdy du Vernois alikuwa anatetea kwamba mwamuzi mzoefu aachane na majedwali aamue kwa busara yake. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974 ilirithi mwamuzi huyo. Na kitabu cha mchezeshaji cha toleo la tano kinasema waziwazi kuwa kurusha nyuma ya pazia kunakuwezesha kubadili matokeo ukitaka, kikishauri usifanye hivyo mara nyingi na usijulikane. Ushauri huo wa mwisho ndio uliozaa tatizo hapa, maana mezani watu hujua.

Je, hoja ya mpiga mishale ina uzito? Nusu yake. Mchezeshaji hana mhusika wa kumnufaisha, na mamlaka yake ya kuamua yanatokana na kanuni. Mchezaji anayejipandishia namba hana mamlaka hayo wala hakuyaomba. Kwa hiyo mmoja kuchakachua hakumpi mwingine ruhusa. Lakini nusu nyingine inauma: mganga aliokolewa na uongo bila kuulizwa kama anataka kuokolewa, na kuanzia siku ile kila hatari mezani ilikuwa na alama ya kuuliza. Mimi niko upande wa dadu za wazi, hata kwa mchezeshaji. Akitaka kuwaonea huruma wahusika, anazo njia zisizogusa namba: adui anaweza kuchukua mateka badala ya kuua, anaweza kukimbia, anaweza kudai fidia. Hayo ni maamuzi ya adui, na wachezaji wanaweza kuyajibu.

Mchezeshaji hakujitetea. Alikubali kwamba dadu za mapigano zitarushwa mbele ya wote, na zitakazofichwa ni zile tu ambazo wahusika wenyewe hawawezi kujua matokeo yake, kwa mfano kama wameuona mtego au wameupita. Baada ya hapo ndipo mpiga mishale alipojibu swali la mwanzo.

"Nikikosa, zamu yangu imekwisha. Sekunde tano. Halafu nasubiri dakika kumi na tano, narusha, nakosa tena. Wenzangu wana uchawi, wana maneno, wana mambo ya kufanya. Mimi nina upinde."

Sababu haifuti kosa, lakini hii inaeleza kwa nini trei peke yake isingetosha. Katika mchezo huu shambulio lililokosa mara nyingi linamaanisha hakuna kilichotokea. Michezo mingine imeliona pengo hilo. Katika Dungeon World ya mwaka 2012 unarusha dadu mbili za pande 6. Jumla ya 7 hadi 9 ni mafanikio yenye gharama, na 6 kushuka chini ni kushindwa kunakokupa alama ya uzoefu, huku mchezeshaji akipata nafasi ya kuisukuma hadithi mbele. Kushindwa huko kuna thamani, na hamu ya kukuficha inapungua. Mchezeshaji wetu hakubadili mchezo. Aliazima wazo: mara moja moja, mshale uliokosa ulifanya kitu. Ulimfanya chifu wa maadui ainame, ukakata kamba ya taa, ukamjulisha mlinzi kwamba kuna mtu juu ya paa. Akampa pia mpiga mishale kazi nje ya mapigano, ya kusoma nyayo na kuamua njia, ambazo muda wote zilikuwa kwenye karatasi yake bila kutumika.

Masharti yaliwekwa pia, na bila kuyazungusha: ikijirudia, nafasi yake mezani imekwisha, na hakutakuwa na kikao kingine cha kujadili. Wapo watakaosema ni ukali. Naona ni sawa. Aliyeelezwa kosa faraghani, akasikilizwa, akabadilishiwa hata namna ya kuchezeshwa, kisha akaendelea, ameshajibu.

Ninapotofautiana na mchezeshaji ni kwa wale watatu. Aliwaambia tu kwamba "limeshughulikiwa". Faragha ilifaa wakati wa kuuliza, lakini walioibiwa walikuwa wao, na mganga ndiye aliyebeba daftari kwa vikao kadhaa akionekana mbea. Ilitosha mpiga mishale aseme sentensi mbili mwenyewe mwanzoni mwa kikao kilichofuata. Alizisema, ila baada ya vikao vitatu, na baada ya mpiga panga kumuuliza moja kwa moja. Mpiga panga aliridhika palepale. Alichotaka ni adui wa kupigana naye, na sasa alikuwa nao wa kutosha.

Mganga hakuridhika. Alimaliza sura ile ya kampeni, akaaga kwa upole, akasema hana ugomvi na mtu ila kila mwenzake akirusha anajikuta anahesabu. Mchezeshaji alimwomba abaki, naye akakataa. Sidhani kama kuchelewa kwa zile sentensi mbili ndiko kulikomwondoa, lakini hakukusaidia. Nafasi yake ilichukuliwa na mchezaji mpya, aliyeelezwa kanuni za trei siku ya kwanza pamoja na kanuni za kuunda mhusika. Hakuambiwa zilianzia wapi, na naona hakuna haja aambiwe.